Chupa Nne za Floris

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya bwawa la klabu Siena Apollis alipofika kwenye kigingi chake, nafasi yake ya kuvulia, na kwa muda hakuweza kujua nchi kavu inaishia wapi. Alitua ndoo, akatua fito zake mbili za kuvulia, akasimama. Mbele yake weupe mtupu. Ndani ya weupe ule samaki wa karpi walikuwa wakijigeuza juu ya maji, mmoja hapa, mwingine mbali kule, wazito na wavivu, kama watu wanaojigeuza kitandani Jumapili. Siena aliwasikiliza akiwa amefumba macho. Asubuhi za namna hii humfanya mtu aone hajaamka bado, na yeye hakuwa na haraka ya kuamka.

Masikio alikuwa nayo. Pua ndiyo iliyomtoroka.

Homa ya kipupwe ilikuwa imepita mtaani nyumba hadi nyumba, na ilipotoka kwa Siena iliondoka na harufu zote. Kahawa ikawa maji ya moto. Kitunguu kikawa kelele tu za mafuta kwenye kikaango. Hayo angeyavumilia, maana binadamu huzoea hata chakula cha hospitali. Lakini kulikuwa na koti la Floris. Mume wake alizikwa wakati wa zabibu, miezi kabla ya homa, na koti lake la kuvulia Siena hakulifua. Kila usiku alifungua kabati akazika uso ndani yake, na Floris alikuwa mle, mzima mzima, na tumbaku yake na jasho lake na dawa yake ya chambo. Baada ya homa alizika uso ndani ya kitambaa. Alihisi amefiwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyeleta chakula wala kuimba mlangoni.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mabinti zake wawili wako Cape Town, wangempeleka kwa madaktari na kumwekea mishumaa. Na kwenye klabu ya uvuvi ya Morester ndiyo kabisa. Pale jina la Apollis lilikuwa jina la pua.

Wavuvi wa karpi wa mji ule huvua kwa ugali wa mahindi. Unausonga mgumu, unaukanda mpaka unang'aa, unaufinyanga kuzunguka chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, na kile kipande cha kwenye ndoana unakichovya katika dawa. Ugali ni wa kila mtu. Dawa ndiyo siri ya nyumba. Floris Apollis alipika yake katika banda la nyuma, mlango umefungwa, huku akiimba tenzi kwa sauti mbaya, na kwa dawa hiyo alichukua kikombe cha mwisho wa msimu mara nyingi mpaka watu wakaacha kupiga makofi kwa moyo.

Alizitia dawa zake katika chupa za rangi ya kahawia, za dawa ya kikohozi, zote za ukubwa mmoja, na hakuandika neno hata moja juu yake. Kuandika ni kumwandikia jirani. Pua yake ilijua ipi ni ipi, na ya mke wake pia. Kwa nini ajisumbue na karatasi?

Sasa chupa zilizobaki zilikuwa nne, zimepangwa kwenye nyasi mbele ya Siena. Moja kati ya hizo ilikuwa ile ya Floris mwenyewe, ile ya vikombe. Nyingine zilikuwa za majaribio yake, na mengine ya majaribio hayo hata mbwa aliyakimbia. Chini ya vifuniko povu lilikuwa limeanza kutoka. Dawa ya chambo haikai milele, na hili lilikuwa shindano la mwisho kabla ya baridi. Mpaka msimu ujao ufike ingekuwa imeshakufa, na hapangekuwa na nyingine.

Alikuwa amelifikiria jambo hili miezi mingi, katika ule usingizi wa macho wazi alioishi nao siku hizi. Yeye hawezi kumnusa Floris tena. Lakini samaki wanaweza. Akiitupa dawa ile majini na samaki wakaja, basi atajua kwamba Floris yumo humo, kwamba bado kuna kitu chake duniani kinachoita na kuitikiwa. Mara moja tu. Kisha atauacha uvuvi, atalifua lile koti.

Akazitazama chupa nne. Akaangalia huku na huku, akafungua ya kwanza na kuiweka chini ya pua, akavuta pumzi kwa nguvu zote. Hewa ya baridi. Ya pili, hewa ya baridi. Ya tatu na ya nne vilevile. Akafunga macho, akachagua kwa mkono.

"Siena! Umeamka salama?"

Sauti ilitoka kwenye ukungu, kigingi cha pili upande wa chini wa upepo. Kura ya asubuhi ilikuwa imemweka jirani na Basil Filander, mtu mrefu, mwenye pua ambayo hata mchungaji aliwahi kuitaja mimbarani kwa bahati mbaya. Basil na Floris walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha mvinyo tangu ujana, wakavua pamoja, wakagombana pamoja, na kwa miaka yote hiyo Basil alikuwa wa pili.

"Nimeamka salama, Basil. Wewe je?"

"Mimi leo nimeamka bingwa."

"Kama ulivyoamka mwaka jana."

"Mwaka jana niliamka mapema mno, bahati ilikuwa bado imelala."

Siena alicheka, jambo ambalo lilimshangaza mwenyewe. Kisha honi ya pikapu ya Meraai Bruintjies ikalia kule kwenye moto wa kambi, na chubwi zikaanza kuanguka majini pande zote za bwawa, moja moja, nyuma ya ukungu.

Meraai ndiye mwenyekiti, na sauti yake haihitaji honi. Alipita nyuma ya vigingi akiwa na filimbi shingoni na mkate uliochomwa makaani mkononi, akisoma sheria kama kila mara, ingawa hakuna asiyezijua. Katika klabu ya Morester unaweza kumwomba mtu ndoana, wavu, hata chai iliyobaki kwenye chupa yake. Ila kuinamisha pua juu ya dawa yake, hapo umevunja nyumba ya mtu. Anayenusa dawa ya mwenzake siku ya shindano anatoa mishipi yake majini, samaki wake hawapimwi, siku yake imekwisha. Iwe ameruhusiwa na mwenyewe au hakuruhusiwa. Hilo la ruhusa waliliongeza baada ya msimu mmoja watu kuanza kuruhusiana kwa brandi.

"Na hata maneno!" Meraai alipaza sauti. "Dawa ya mwenzako haisifiwi, haikashifiwi. Basil, unanisikia?"

"Kwa nini unanitaja mimi?"

"Sikutaji wewe, naitaja pua."

Jua likapanda. Ukungu ukanyanyuka kidogo, ukabaki umening'inia kimo cha mtu, na chini yake maji yakaonekana, ya kijivu, laini, hayana hata kunjo moja. Siena alikaa. Vikengele vidogo kwenye ncha za fito zake vilinyamaza. Kwa Basil kikengele kililia, kikalia tena, akawa anainuka na kuinama, anasifu samaki wake kwa majina ya wachumba. Wavu wake wa kuhifadhia ulikuwa umejaa mikia. Kwa Siena kimya. Hata wale karpi waliokuwa wakijigeuza mbele yake alfajiri walikuwa wamehama. Maji ya kigingi chake yalikuwa safi na matupu, kana kwamba hayakuwahi kuwa na samaki.

Akaanza kusinzia bila kulala. Milima ilisogea karibu, ikarudi. Mizabibu myekundu ya ng'ambo ya bwawa iliingia majini ikakaa humo kichwa chini. Alimwona Floris akitembea juu ya ukingo, amevaa lile koti, na hakushangaa. Floris alichuchumaa, akachovya kidole majini, akakinusa, akatikisa kichwa. Hapana, mke wangu, alisema bila kufungua mdomo. Hapana. Kisha akawa fungu la matete.

Siena alifuta macho. Akajua amekosea chupa, akajua pia kwamba hana njia ya kujua ipi ni sahihi, na moyo ukamwuma kwa namna ambayo hajawahi kumweleza mtu.

Basil naye alikuwa anahangaika. Alikaa akainuka. Alifunga skafu puani akaifungua. Alitazama nyuma kama Meraai yuko karibu, akakohoa, akatazama mbele tena. Mwisho akaja mpaka kwenye mpaka wa kigingi chake, akasimama pale akiangalia mawingu.

"Siena," alisema. "Mimi sisemi kitu kuhusu dawa ya mtu. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Nauliza tu kama jirani. Leo unavua, au unafukuza nyoka?"

Siena alikunywa chai yake.

"Maana hiyo..." Basil alipunguza sauti. "Hiyo ni kitunguu saumu na mafuta ya taa na kitu kilichokufa. Floris aliitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka ule wa mafuriko. Tulikaa upande wa juu wa upepo siku nzima. Wewe mwenyewe ulimwambia akaizike. Unawezaje kukaa karibu nayo na kunywa chai?"

Kikombe kilikuwa mkononi mwa Siena. Alikitazama. Alitafuta uongo wa haraka, wa kuchekesha, na hakuupata. Alikuwa amechoka kuwa peke yake na jambo lile.

"Siisikii," alisema.

"Husikii nini?"

"Harufu. Yoyote. Tangu ile homa." Akaweka kikombe chini. "Ningekunywa hiyo chupa yenyewe, Basil, nisijue tofauti na hii chai."

Basil alivua kofia yake. Hakuwa na la kufanya nayo, akaivaa tena.

"Na umenyamaza hivyo hivyo?"

"Nimwambie nani? Meraai? Kesho ingekuwa inatangazwa kanisani." Akaonyesha chupa kwa kidole. "Moja ya hizi ndiyo ile yake. Ile ya vikombe. Nilitaka kuvua nayo leo, halafu basi. Haitakuwepo nyingine. Koti lake halina kitu tena, Basil. Nalinusa, halina kitu. Hii ndiyo iliyobaki, na sijui ni ipi."

Aliyasema bila kulia, na pengine ndiyo maana Basil hakuweza kumwangalia. Aliangalia maji. Kwenye kigingi chake kikengele kililia, kikalia kwa ghadhabu, ufito ukapinda. Hakwenda.

"Samaki wako," Siena alisema.

"Namsikia."

"Wewe ndiye pekee unayeijua. Umekaa chini ya upepo wake miaka thelathini."

"Na nimeitukana miaka thelathini." Basil alijaribu kucheka. "Unajua unaniomba nini? Mwaka wa kwanza naongoza, Siena. Mwaka wa kwanza! Wavu wangu hauinuki. Na Floris angefufuka. Siri yake aliyonificha maisha yake yote, leo mke wake ananipa mkononi."

"Najua. Nimeifikiria hiyo pia." Na kweli alikuwa ameifikiria, usiku kwa usiku, na ilimwia vigumu kuliko alivyoonyesha. Kumpa Basil dawa ile ilikuwa kumtoa Floris ndani ya banda lake na kumsimamisha barabarani. "Lakini siri isiyofika kwangu inanisaidia nini? Kama hutaki, sema hutaki. Sitakulaumu."

Kikengele cha Basil kilinyamaza. Ufito ukanyooka. Samaki ameondoka.

Basil alivuka mpaka. Hakujificha. Alikuja wima, mchana kweupe, mbele ya bwawa zima, akapiga magoti kwenye nyasi za Siena kama mtu anayekwenda kupokea komunio, akachukua chupa ya kwanza iliyokuwa karibu naye, akafungua na kuiinamia.

Filimbi ilipasua hewa.

"Basil Filander!" Meraai alikuwa anakuja mbio kutoka motoni, mkate wa pili mkononi. "Nimekuona! Klabu nzima imekuona!"

"Hata mimi nimejiona, Meraai. Usipasue koo."

"Toa mishipi yako majini! Umekwisha! Na wewe Siena, unamtazama tu?"

"Mimi ndiye niliyemwomba," Siena alisema, na Meraai akasimama pale pale, mdomo wazi, maana jambo la namna hiyo halikuwa kwenye sheria wala kwenye ndoto.

Basil aliweka chini ile chupa. "Ndizi. Sio hii." Akachukua nyingine, akainusa, akapiga chafya. "Pilipili manga. Mungu amsamehe." Akachukua ya mwisho. Akaifungua taratibu, akaisogeza puani, na mabega yake yakashuka.

Alikaa hivyo, amefumba macho. Pande zote za bwawa watu walikuwa wamesimama, hakuna aliyetazama ufito wake.

"Ndiyo hii," alisema.

"Una hakika?"

"Siena. Nimesumbuliwa na harufu hii maisha yangu yote."

"Basi niambie." Alikuwa ameegemea mbele bila kujua. "Niambie moja moja. Polepole."

Basil akavuta tena. "Vanila. Hiyo kila mtu ana vanila. Shamari, kidogo. Asali, lakini ameiunguza kwanza, ona huyu, ndiyo maana yangu haikuwahi kuwa na rangi ile. Karafuu moja, au nusu. Halafu..."

Akaisogeza chupa karibu zaidi.

"Halafu nini?"

Alivuta mara ya tatu, akafungua macho, akamtazama Siena kwa namna ya mtu aliyefungua mlango bila kubisha hodi. Uso wake mkubwa ukaiva.

"Halafu wewe."

"Mimi nini?"

"Wewe, Siena. Harufu yako. Ukipita kanisani kwenda kukaa kule mbele, ndiyo hii. Ukikumbatia watu msibani. Sijui unajipaka nini, mimi si mtu wa kuuliza, lakini kila anayekujua anaijua."

Mkono wa Siena ulikwenda kichwani wenyewe. Mafuta yake ya nywele: majani ya malva, ule mmea wa harufu wa kwenye ngazi ya jikoni, yanachemshwa ndani ya mafuta mpaka yanakauka, kama mama yake alivyomfundisha alipokuwa msichana. Hakuna mwingine mjini anayeyatengeneza. Kila asubuhi ya maisha yake alikuwa amejipaka mafuta yale, mpaka pua yake, wakati bado anayo, ikaacha kuyasikia. Na kila mara chupa ya mafuta hayo ilikuwa inaisha kabla ya wakati wake. Aliwagombeza mabinti zake. Aliwagombeza mpaka wakalia, akawaita wezi, akaficha chupa juu ya kabati, nayo ikazidi kupungua, na Floris mezani anakula supu yake kwa utulivu, anawaambia watoto wamheshimu mama yao.

Alikuwa amemuuliza mumewe mara ngapi kuhusu dawa ile? Kuna kitu humu nakijua ila hakinijii akilini, alimwambia. Na Floris alicheka mpaka akakohoa, akasema hicho hutakipata, mke wangu, hata ukinikaba.

"Kwa hiyo sasa unaijua," Siena alimwambia Basil.

"Naijua." Basil alifunga chupa vizuri, akaipangusa kwa kofia, akamrudishia kwa mikono miwili. "Na haitanisaidia kitu. Hiyo ya mwisho ningeitoa wapi?"

Akainuka, akaenda kwenye kigingi chake, akaanza kukunja mishipi yake huku Meraai akimtazama, amesahau kumfokea.

Siena alinawa mikono bwawani. Akakanda ugali mpya, akaufinyanga kwenye chubwi, akachovya kipande cha ndoana ndani ya chupa ya Floris na kukiacha humo kwa muda mrefu. Alipokitupa, ukungu wa mwisho ulikuwa unaondoka, na chubwi ikaruka mbali juu ya maji yaliyojaa milima, ikazama bila kelele. Akasubiri. Alikuwa anaona kama yuko pale chini pia, anaenea polepole gizani, mwembamba, mtamu, na viumbe wakubwa wanageuza vichwa vyao kumwelekea. Floris alikuwa amemtupa majini kila Jumamosi ya ndoa yao. Alikaa ubavuni mwake, akamtazama akipiga soga na kumenya mayai, na hakusema.

Kikengele kililia mara moja, kisha ufito ukapinda mpaka ncha yake ikagusa maji.

Siena aliukamata kwa mikono yote miwili. Uzito uliokuwa upande wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wowote aliowahi kuushika, na haukuwa na hasira, ulivuta tu, taratibu, kama unajua unakokwenda. Alianza kucheka. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Mwizi mkubwa wewe!" alipaza sauti kuelekea majini. "Mwizi! Miaka yote hiyo!"

Meraai alimsogelea nyuma, akamshika bega. "Basi, Siena, basi," alisema kwa huruma, akimtupia jicho Basil aliyekuwa anafunga ndoo zake. "Tumeshamtoa mashindanoni. Adhabu moja inamtosha."

Samaki alikuwa anavuta kuelekea katikati ya bwawa, naye Siena akamwachia mshipi kidogo kidogo, asije akafika upesi.